Dhambi za Mazoezi

Padri Tobia alifika kwangu Jumanne akiwa na vumbi la njia ya Matsangoni mpaka kwenye nyusi. Ni padri mpya, hajatimiza mwaka tangu apewe upadri, kijana wa bara mwenye Kiswahili cha mbio, na hakai kitako kabla hajautua mzigo wake. "Shikamoo, Mwalimu. Padri Emili amefariki." Nikamwitikia marahaba, nikamwonyesha kiti, nikamwambia msiba haukimbii. Akanieleza alivyougua, alivyozikwa, na jinsi mapadri aliowalea walivyolipokezana jeneza lake mpaka kaburini. Maana huko bara, kwa miaka mingi, kazi ya Padri Emili ilikuwa hiyo: kuwapokea mapadri wapya mmoja mmoja na kuwasindikiza kiroho mwaka wao wa kwanza, kuwasikiliza, kuwatuliza, kuwaonya. Kisha Tobia, ili anichangamshe, akacheka. Akasema walikuwa wakimuuliza mzee mbona yeye alikaa miaka mitatu baada ya upadri bila ruhusa ya kuungamisha watu, hali wenzake hupewa baada ya miezi michache. "Jibu lake lilikuwa moja tu, Mwalimu: 'Kiswahili kilinishinda.' Na sasa nasikia aliyemfundisha Kiswahili ulikuwa wewe!" Nami nikacheka, kwa kuwa mzee asipocheka vijana humdhania mgonjwa. Alipoinuka nilimwambia arudi Jumamosi tunywe chai.

Kiswahili hakikumshinda Padri Emili. Ilipofika Kwaresima ya mwaka wake wa kwanza kwetu kilikuwa kizuri kuliko cha Tobia, na Tobia amezaliwa nacho jirani. Basi nitasema ilivyokuwa. Ukoo wangu nauruka. Anayeutaka akaulize makaburini. Ninaanza na nyumba, kwa sababu mambo yote yalitokea ndani ya hatua hamsini: kanisa la makuti, sakristia nyuma yake, chumba cha mavazi na vitabu vya misa, yenye harufu ya nta na mavi ya popo, na nyumba ya mapadri yenye vyumba viwili na baraza inayotazama uwanja. Misheni yetu ilikuwa ndogo, nusu ya njia kati ya Malindi na Kilifi, na mwaka wenyewe ulikuwa karibu na ule vita vya kwanza vya Wazungu vilipoanza. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na minne. Nilikuwa katekista, ila watu waliniita Mwalimu, na jina hilo nilikuwa nalivaa kama kanzu ya Idi. Nilifundisha katekisimu, niliongoza rozari, na mtu akiwa mahututi vijiji vya mbali nilitumwa mimi kumbatiza, kwa kuwa miguu ya Padri Gaspari, mkuu wetu, ilikuwa imevimba na haikubali tena mwendo.

Padri Emili aliletwa kwetu baada ya mvua za vuli, mwembamba, ngozi imebabuka, mafuta ya upadri bado yananukia mikononi, kama Padri Gaspari alivyomtania siku ya kwanza mezani. Mezani palikuwa na sima na mchuzi wa papa. Kijana alilitia tonge mdomoni, macho yakamtoka, akalimeza kwa maji. Padri Gaspari akamwambia, "Papa utamzoea. Wasioweza kuzoeleka ni watu, na hao ndio kazi yako." Papo hapo akampa sheria ya nyumba. Mwaka mzima wasingezungumza Kizungu, hata wakiwa wawili, hata wakigombana. "Watu hawatakuungamia kwa lugha ya mama yako. Basi na wewe ukiwa na huzuni, huzunika kwa Kiswahili." Sheria hiyo ndiyo iliyonifanya mimi niyajue ninayoyaandika, kwani kila Alhamisi baada ya chakula cha mchana mapadri wale wawili walikaa barazani, mkubwa akimsindikiza mdogo, na dirisha la sakristia, ambamo mimi nilikuwa nikipanga vitabu, lilikuwa wazi upande wao. Sikulifunga. Nilijiambia ni kwa sababu ya joto.

Nilisikia mengi. Padri Gaspari alimuuliza amelalaje, amesali au amesinzia, amemkasirikia nani. Kijana alijibu kwa maneno machache aliyokuwa nayo, na uchache ule ulimfanya awe mkweli, kwa maana uongo unataka msamiati. "Nimechoka, Baba. Naogopa watu. Nikisali sioni kitu." Mzee hakumhubiria. Alikuwa akisema, "Na mimi nimechoka," halafu wananyamaza wote wawili, nasikia vikombe tu. Mpaka leo sijasikia faraja kubwa kuliko ile, na nimesikiliza mahubiri ya miaka hamsini.

Kuungamisha ndilo lililokuwa jambo kubwa. Padri mgeni hakupewa ruhusa mpaka mkuu wake amwandikie Askofu kwamba anaelewa maneno ya watu na anajua la kuwajibu. Padri Gaspari alikuwa na njia yake ya kufundisha. Alitundika mkeka kwenye kamba ndani ya sakristia, akamketisha kijana upande mmoja, akanipigisha magoti upande wa pili, akaniamuru niungame dhambi za kubuni. Jumanne na Ijumaa, saa nne asubuhi. Nami nilikuwa fundi! Nilikuwa bibi kizee aliyemsengenya mkazamwana, nilikuwa mgema aliyetia maji kwenye tembo, nilikuwa mume wa wake wawili anayetaka komunyo bila kumwacha hata mmoja. Mwanzoni kijana alikuwa mkali kupita kiasi. Kwa embe moja la kuiba alinipa rozari ishirini. Alhamisi alitoa hesabu kwa mzee: amepewa dhambi gani, amejibu nini. Padri Gaspari alicheka mpaka akakohoa. "Rozari ishirini kwa embe! Aliyeiba mwembe utampa nini?" Dhambi za mazoezi hazikuwa na siri, kwa kuwa hazikuwa dhambi na kile hakikuwa kitubio. Zilisemwa barazani kama habari za sokoni.

Sasa nifike Ganze, ingawa nimeizunguka miaka yote hii. Kiangazi kilikuwa kimekaza, hata visima vya chumvi vimeanza kukauka. Alikuja mtu kusema kwamba mzee Karisa, mkulima wa upande wa Ganze aliyekuwa akifundishwa dini polepole, yu hoi na anaomba maji ya ubatizo. Niliondoka kabla ya jua. Ni mwendo wa siku nzima, na nilikuwa nimetoka safari nyingine juzi yake. Katikati ya njia nikapita kwa jamaa mmoja aliyenijua. "Karibu, Mwalimu, jua hili si la mtu." Akaniletea sima ya moto na kitoma cha mnazi, tembo kali. Nilikunywa, nikajiegemeza ukutani mwa nyumba yake, kwenye kivuli, nipumzike kidogo. Nilipofumbua macho kivuli kilikuwa kimeshavuka ua. Njia iliyobaki nilikwenda mbio. Mkewe Karisa, Kadzo, alikuwa mlangoni, na aliponiona alinishika mkono, akanisukuma ndani. "Ingia, Mwalimu, ingia, alikuwa akikuita sasa hivi!" Niliingia peke yangu. Karisa alikuwa amekufa. Mikono bado ilikuwa na joto, lakini taya lilikuwa limeachia, na hakuna aliyewahi kukaa na wafu asijue. Maiti haibatizwi, hilo nilikuwa nikiwafundisha watoto. Nikatoa chupa yangu, nikammiminia maji kipajini, nikayasema maneno, nikatoka nje. Kadzo alinitazama usoni. Nikamwambia, "Nimemuwahi."

Neno moja tu. Alipiga magoti akalia kwa furaha, na mimi nikasimama pale nikinuka tembo. Karisa akaandikwa kitabuni kwa jina la Yosefu, kaburi lake likawekwa msalaba, na kabla ya Kwaresima Kadzo akahamia karibu na misheni, afundishwe dini yeye pia, ili siku moja amfuate mumewe aliko. Kila aliponiona alinisimamisha. Alinisimulia kwa watu: "Huyu ndiye aliyemuwahi." Kila mwezi niliungama kwa Padri Gaspari, na kila mwezi niliiruka dhambi ya Ganze. Kama angejua, ningevuliwa ualimu siku hiyo hiyo, na Kadzo angempoteza mumewe mara ya pili.

Jumanne moja ya Kwaresima Kadzo aliniletea mayai sita ndani ya kata ya kibuyu, yeye ambaye hakuwa na kuku zaidi ya mmoja. Nikayapokea. Saa nne nikapiga magoti mbele ya mkeka, na sikuwa na uongo hata mmoja uliobaki. Mgema amekwisha, bibi kizee amekwisha. Nilikuwa nimechoka, na kinywa kikafunguka chenyewe. Nilisema kwa sauti yangu: mnazi, usingizi, taya, maji, neno nililomwambia mjane. Kisha Padri Emili akasema, polepole, bila kosa hata moja, "Mwalimu, hii si ya mazoezi." Nikasema, "Ni ya mazoezi, Padri." Akausogelea mkeka. "Kama ningekuwa na ruhusa ningekuondolea sasa hivi. Sina. Nenda kwa Padri Gaspari, nakusihi." Nikainuka, nikapangusa magoti, nikaenda kufundisha watoto Baba Yetu.

Alhamisi nilikaa chini ya dirisha la sakristia. Padri Gaspari aliuliza kama kawaida, "Jumanne Mwalimu alikupa dhambi gani?"

"Jumanne siwezi kusema, Baba."

"Hukuielewa?"

"Niliielewa."

"Basi sema. Ya mazoezi haina siri."

"Siwezi, Baba. Unisamehe."

Mzee aliuliza mara tatu, kwanza kwa mzaha, kisha kwa upole, mwisho kwa hasira, na kijana hakuongeza neno. Naye alifungwa kweli, ingawa si na sheria ya kanisa, kwani hakuwa ameungamisha mtu. Akisema tu "ilikuwa ya kweli", ameshanitaja, maana nyuma ya mkeka ule alikuwa mtu mmoja. Jioni Padri Gaspari akaniita. Alikuwa ameweka miguu ndani ya beseni la maji ya chumvi, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyekosa usingizi. "Mwalimu, Jumanne ulimpa dhambi gani yule?" Hapo mlango ulikuwa wazi mbele yangu. Nikasema, "Ya mgema aliyetia maji kwenye tembo, Padri." Akatikisa kichwa. "Hiyo ameshapewa mara tatu! Na bado imemshinda, na kiburi hakimwachi akiri." Dhambi yangu ya kwanza ilizaliwa na usingizi. Hii ya pili niliifanya niko macho makavu, na hii ndiyo iliyompa Padri Emili jibu alilokwenda nalo mpaka kaburini.

Mkeka uliteremshwa. Pasaka ikaja, watu wakaja, wengine kutoka mbali, wana njaa, midomo imepasuka, wakapanga foleni ya kuungama kuanzia mlangoni mpaka kisimani. Aliyewasikiliza alikuwa Padri Gaspari peke yake, siku tatu, miguu juu ya kigoda. Padri Emili alikuwa akipita kwenye foleni na ndoo, akiwapa maji. Nilimsikia mwanamke mmoja akimuuliza mwenziwe, "Na huyu mbona hatuungamishi?" Akajibiwa, "Huyu bado mchanga, hajui kitu." Padri Emili alisikia, kwani kufikia hapo hakuna neno la Kiswahili lililompita. Akamjazia kata yake, akaendelea. Mimi niliyaona yote hayo, na usiniulize kwa nini sikusema. Nimejiuliza zaidi ya miaka arobaini na jibu ni lile lile: niliogopa.

Baada ya Pasaka nikasikia, kupitia dirisha lile lile, kwamba barua inakwenda kwa Askofu. Kijana apelekwe mbali, bara, kwenye shule ya useremala, mpaka Kiswahili kimkubali. Mjumbe angepita Jumamosi asubuhi. Ijumaa mchana nikaenda kuungama kwa Padri Gaspari. Angalia ujanja wa mwoga: ningeweza kumfuata barazani nikamwambia ana kwa ana, lakini nilikwenda kitubioni, mahali ambapo lisemwalo halitoki. Nilisema yote, Ganze na mgema. Mzee alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Kumbe ndiyo aliyokuwa ameibeba." Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekaa chini baada ya mwendo mrefu. Aliniondolea dhambi. Kabla sijainuka akaniambia, "Sikiliza, mwanangu. Haya nimeyasikia kwa niaba ya Mungu. Nikitoka hapa siyajui, na siwezi kuyatumia, si kwa barua, si kwa jicho. Yule hakufungwa na sheria akanyamaza. Mimi sheria imenifunga. Kesho njoo unywe chai na mimi kabla ya mjumbe. Ukiwa na neno, utalisema. Ukiwa huna, utakunywa chai."

Jumamosi barazani palikuwa na chai ya tangawizi na mahamri. Barua ilikuwa mezani, imefungwa, juu yake bakuli la sukari isipeperushwe. Padri Gaspari alinimiminia mwenyewe, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Tukazungumza juu ya makuti ya paa, tukazungumza juu ya mvua iliyokuwa ikinyesha Malindi na kutukwepa. Kila nilipofungua mdomo alitua kikombe chake na kunitazama, si kwa kunisukuma, bali kwa kungoja tu, na macho yake yalikuwa mekundu. Kadzo akapita uwanjani na fagio lake. "Shikamoo, Padri! Shikamoo, Mwalimu!" Alikuwa mkubwa kwangu, mwenye umri wa mama yangu, na bado aliniamkia mimi shikamoo, kwa sababu ya Karisa. Nikajiambia: siwezi kumfanyia hivi mwanamke huyu. Nilijidanganya vizuri sana. Ukweli ni kwamba nilikuwa naliangalia jina langu, Mwalimu, na sikutaka linitoke.

Nilikunywa kikombe cha kwanza, cha pili, cha tatu. Mjumbe akaja, akapiga hodi, akasimama. Padri Gaspari aliliinua bakuli la sukari, akaishika barua, akakaa nayo mkononi kitambo. Mpaka leo nauona mkono ule wenye madoa. Halafu akampa mjumbe. "Chai imepoa," aliniambia, akainuka kwa shida, akaingia chumbani kwake. Hakuniambia neno juu ya jambo hilo mpaka alipokufa, wala hakunivua ualimu, wala hakupunguza hata chembe ya heshima aliyonipa mbele za watu. Hiyo ndiyo ilikuwa adhabu yangu, na hakuwa na nia ya kuniadhibu.

Padri Emili aliondoka baada ya wiki mbili. Nilimbebea sanduku mpaka njia ya Malindi. Njiani alikuwa akinitajia majina ya miti, kama mwanafunzi anayesoma somo mara ya mwisho: mkanju, mkwaju, mbambakofi. Hakukosea hata mmoja. Tulipofika alipokuwa akingojewa nilimwambia, "Padri, unisamehe." Akanishika bega. "Kwa lipi, Mwalimu? Mimi sijui neno." Alitabasamu, na nikaona jinsi alivyochoka, kijana wa miaka ishirini na saba. Sikumwona tena. Kadzo alibatizwa Pasaka iliyofuata, akaishi miaka mingi, akafa akiita jina la Yosefu. Nilimshika mkono siku hiyo. Alikuwa wa mwisho ambaye ningeweza kumtumia kama kisingizio, na baada ya kumzika bado nilinyamaza.

Jumamosi Padri Tobia alirudi, kama tulivyoagana. Mke wangu alikuwa amepika mahamri. Nikaweka viti barazani, mbele, upande wa njia, ingawa jua lilikuwa kali, na Tobia akasema, "Mwalimu, tungekaa ndani." Nikamwambia hapana. Jirani yangu alikuwa akipepeta mahindi kando ya ua, na wanawake wawili walikuwa wamesimama pale na ndoo zao wakizungumza. Nikammiminia chai. Akaanza tena, maskini, kwa nia njema, juu ya mzee na Kiswahili kilichomshinda, na alitaka nimwambie makosa aliyokuwa akiyafanya, wapate kucheka huko bara. Nilitua kikombe kabla sijanywa. Akadhani nataka kuungama. Nilimwona akitafuta mfukoni stola, utepe wa shingoni wa kuungamishia, akitazama ndani, akitaka kuinuka tukajitenge.

"Kaa, Padri," nilisema. "Hii si kitubio. Utakwenda nayo bara, uwaambie wote."

Akakaa. Jirani aliacha kupepeta.

"Palikuwa na mzee mmoja Ganze," nikasema, kwa sauti ya kufika njiani. "Sikumuwahi."